Mapambo ya Krismasi ya kutengeneza na watoto: chagua umbo moja, ulirudie mara ishirini

Swali: Nina watoto watatu, wa miaka 4, 8 na 12. Mwaka jana tulijaribu kutengeneza mapambo ya Krismasi wenyewe. Tulianza vitu saba tukamaliza viwili, na vingi vilidondoka kabla sikukuu haijafika. Vile vya unga vilivimba vikapasuka. Mwaka huu nina jioni tatu tu za kukaa nao mezani, na sina vifaa zaidi ya mkasi, rula, stepla, gundi nyeupe na karatasi za rangi. Nianzie wapi ili nyumba ipendeze na watoto wasichoke njiani? Mama wa Watatu.

Jibu: Dada yangu, hilo la kuanza saba na kumaliza viwili nimeliona kwa wanafunzi wangu wengi wa kazi za mikono, wadogo kwa wakubwa. Mtu anaketi mezani na picha nyingi kichwani: nyota, malaika, kengele, shada, mti mdogo. Kila kimoja kina mkato wake na mkunjo wake. Mkono haujazoea cha kwanza, tayari unahamishiwa cha pili. Nyota ya kwanza ya kila mtu hutoka imepinda. Ya tano inaanza kunyooka, na kuanzia ya kumi vidole vinajua njia bila kuulizwa. Ukiishia kwenye ile ya kwanza, umetundika jaribio.

Kwa hiyo mwaka huu chagueni umbo moja liwe ndilo pambo la nyumba, mlitengeneze mara ishirini au zaidi, kwa rangi mbili, na tatu ndiyo mwisho. Nyota ishirini nyekundu na nyeupe zilizotundikwa dirishani kwa urefu tofauti hupendeza hata kama kila moja ina dosari yake, maana jicho huliona kundi kwanza. Mapambo saba ya aina saba, yenye rangi kumi, huonekana kama vitu vilivyosahaulika ukutani hata kila kimoja kikiwa kizuri. Nina maumbo mengine ya kukupa hapa chini kwa sababu watoto wako hawalingani umri, lakini lile moja ndilo liwe uti wa mgongo.

Kwangu umbo hilo ni nyota ya marinda. Naiita hivyo kwa sababu karatasi hukunjwa kama marinda ya sketi ya shule, kwenda mbele na kurudi nyuma. Chukua karatasi ya A4 ya kawaida, ile yenye milimita 210 kwa 297, uikate katikati kwa urefu ili upate vipande viwili virefu vyenye upana wa sentimita 10 na nusu. Kila kipande ni nyota moja. Anza kukunja kwenye ncha fupi, marinda ya sentimita 1, hadi mwisho. Ukifika mwisho una kijiti chembamba cha karatasi chenye urefu wa sentimita 10 na nusu. Kifunge uzi katikati, ukaze, kisha kata ncha zote mbili kwa mshazari. Sasa fungua upande mmoja kama feni, uunganishe kingo zinazokutana kwa gundi au pini moja ya stepla, halafu fanya vivyo hivyo upande wa pili. Nyota imekamilika, na pembe zake zimetokana na ule mshazari uliokata.

Watu wengi hukwama hapa, na si kwa kukosa ustadi, ni kwa kukosa hesabu. Wanachukua karatasi nzima ya A4, wanaikunja, wanaifunga katikati, kisha kingo hazikutani; wanavuta hadi karatasi inachanika. Sababu yake ni hii: nyota yenye upana wa sentimita 21 ina mzingo wa karibu sentimita 66, kwa hiyo kila upande wa uzi unatakiwa kujaza sentimita 33. Karatasi yako ina urefu wa 29.7 tu. Haifiki, hata ungekunjua marinda yote. Kipande chembamba nilichokuelekeza kinahitaji kujaza sentimita 16 na nusu kila upande, nacho kina 29.7, kwa hiyo kinafika na marinda yanabaki yamesimama vizuri. Ukitaka nyota kubwa za sentimita 21, gundisha karatasi mbili nzima mwisho kwa mwisho kabla ya kukunja, na hapo ongeza upana wa rinda uwe sentimita 1 na nusu.

Siri ya pili ni ukucha. Kila mkunjo upitishe ukucha au mgongo wa rula mara moja kwa nguvu. Mkunjo uliobembelezwa hufunguka polepole, na baada ya siku tatu nyota imelegea kama mwavuli uliovunjika. Mtoto wa miaka 8 anaiweza kazi hii vizuri, ila mchoree mistari ya penseli kwenye nyota mbili za mwanzo. Kuanzia ya tatu hataitaka. Mkikata ncha, mshazari mkali unatoa nyota yenye miiba, mshazari mlalo unatoa kitu kinachofanana zaidi na ua. Jaribuni pia kukata vijitundu vya pembetatu kando ya kile kijiti kabla ya kukifungua. Mwanga wa dirisha hupita humo na kufanya kazi iliyobaki.

Wa miaka 4 mpe mnyororo wa karatasi, na usiuone kuwa kazi ndogo. Kata A4 kwa upande mfupi, vipande vya sentimita 2 na nusu. Kila karatasi itatoa vipande 11 vyenye urefu wa sentimita 21. Kipande kinaviringishwa kuwa pete, kinachofuata kinapitishwa ndani ya pete hiyo kabla ya kufungwa. Pete 100 zinafikia mita 6 hivi, na zinahitaji karatasi kumi. Kukata ni kazi yako au ya mkubwa wao, maana vipande vikipishana upana mnyororo huonekana wa ovyo. Kufunga ni kazi ya mdogo. Ukitumia gundi nyeupe, mfundishe kubana pete na kuhesabu hadi ishirini, kwani gundi hiyo hushika maji yake yanapokauka na si kabla. Stepla ni ya haraka zaidi, lakini kwa umri huo uishike wewe.

Kuna namna ya kumfanya aupende zaidi: tengeneza mnyororo mwingine mfupi wa pete 24 na uutundike tarehe 1 Desemba. Kila jioni anachana pete moja, na ya mwisho inachanika mkesha wa Krismasi. Kuhesabu siku kwa pambo ni jambo la zamani. Mwaka 1839 mjini Hamburg, mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alichoka kuulizwa kila siku kama Krismasi imefika. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili za Majilio, wakawa wanawasha mmoja zaidi kila siku. Shada la Majilio la mishumaa minne linalowekwa makanisani na majumbani limetokana na gurudumu lile. Kwa mtoto wa miaka 4 pete za karatasi ni salama kuliko mishumaa, na swali lake linajibiwa vilevile.

Huyu wa miaka 12 ndiye wa kumwangalia kwa makini, kwa sababu ukimpa kazi ya wadogo zake ataondoka mezani. Mpe moyo wa kusuka. Ni pambo la Denmark, na mmoja uliosukwa na Hans Christian Andersen mwaka 1860 umehifadhiwa hadi leo. Unahitaji vipande viwili vya karatasi ya rangi tofauti, kila kimoja sentimita 7 kwa 21. Kunja kila kimoja katikati kibaki 7 kwa 10 na nusu. Upande wenye mkunjo uache umenyooka. Upande ulio wazi uukate mviringo kama ukucha. Sasa, ukianzia kwenye mkunjo, kata mistari miwili iliyonyooka, mirefu sentimita 7 na nusu, ili upate vidole vitatu vyenye upana sawa. Ile nusu sentimita ya ziada isiachwe, kwa sababu karatasi ina unene wake, na bila hiyo kidole cha mwisho hakitapita.

Kusuka kwenyewe ndiko kunakowashinda watu, maana mkono umezoea mkeka: juu, chini, juu, chini. Hapa hakuna juu wala chini. Kila kidole kina kuta mbili, kwa hiyo kidole ama kinaingia ndani ya mwenzake, ama kinamwingiza mwenzake ndani yake. Shika vipande viwili vikikutana kwa pembe mraba. Kidole cha kwanza cheupe kiingie ndani ya cha kwanza chekundu, kisha kimmeze cha pili, kisha kiingie ndani ya cha tatu. Kisukume juu kidogo. Kidole cha pili cheupe kinafanya kinyume: kinameza, kinaingia, kinameza. Cha tatu kinarudia cha kwanza. Ukimaliza, moyo unafunguka kama kimfuko, na hapo ndipo unapojua umepatia. Ukigoma kufunguka, kuna kidole kimoja kilipita juu; rudi nyuma ukitafute. Bandika mpini wa karatasi juu yake, na unaweza kutia barua ndogo ndani. Akizoea vidole vitatu, atataka vinne na vitano, na utamkuta anasuka hata baada ya chakula cha usiku.

Dirishani, kama nyota za marinda hazitoshi, wekeni chembe za theluji za karatasi. Hizi karibu kila mtu anazijua, na karibu kila mtu hukosea jambo moja. Wanakunja karatasi nusu, nusu tena, nusu tena, wanakata, na chembe inatoka na pembe nane. Theluji haina pembe nane. Molekuli za maji zinapoganda hujipanga kwa sita sita, na umbo la chembe hufuata mpango huo. Johannes Kepler alijiuliza kwa maandishi tangu mwaka 1611 kwa nini ni sita daima, na Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alipoanza kuzipiga picha mwaka 1885 aliendelea hadi akapita picha 5,000. Kwa hiyo kunja kwa sita. Chukua mraba wa sentimita 21, ukunje kona kwa kona upate pembetatu. Tafuta katikati ya upande wake mrefu. Kutoka nukta hiyo, kunja kona ya kulia ije kushoto, na ya kushoto ije juu yake, ili pembetatu igawanyike sehemu tatu zilizo sawa kabisa. Rekebisha kabla ya kukaza mkunjo. Kunja kifurushi hicho nusu mara moja zaidi, kata mikia inayochomoza juu, kisha kata maumbo pande zote mbili. Hapo mkasi unapita kwenye tabaka 12, kwa hiyo tumia karatasi nyepesi ya gramu 80 au chini ya hapo. Manila itakuumiza vidole bure. Baada ya kufungua, pitisha pasi isiyo moto sana juu ya kitambaa, chembe inalala bapa kama iliyochapwa.

Sasa unga wako uliovimba. Nadhani najua kilichotokea, na kosa si la watoto. Kinyunga cha chumvi kinahitaji vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kikombe 1 yanayoongezwa kidogo kidogo. Mara nyingi hayaishi yote. Unga uliokwisha kuchanganywa na hamira au baking powder usiutumie, kwani huo umetengenezwa ili uvimbe. Kanda dakika kumi kamili hadi kinyunga kiache kushika vidole na kiwe laini kama ndewe ya sikio. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata maumbo kwa kikombe au kwa kisu, na toboa tundu la uzi kwa mrija kabla hujaoka. Tundu lisiwe karibu na ukingo.

Tatizo kubwa ni moto. Watu huoka kinyunga hiki kama mkate, kwa nyuzi 180. Juu kunafunga kwanza, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na umbo linavimba kisha linapasuka. Kinyunga hiki hakiokwi, kinakaushwa. Weka oveni kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi kwa saa mbili hadi tatu, ukigeuza maumbo katikati ya muda. Kama huna oveni, yaweke kwenye wavu mahali penye hewa kwa siku kadhaa, ukiyageuza kila siku ili upande mmoja usikauke kabla ya mwingine na kuyapinda. Yako tayari ukiyagonga kwa ukucha na yakalia kwa sauti kavu. Yapoe kabisa, yapakwe rangi, yakauke tena, kisha vanishi pande zote mbili na ndani ya tundu. Vanishi si ya urembo. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na umbo lisilofunikwa hulainika taratibu hadi uzi unalikata lenyewe. Na kama mnafuga mbwa, maumbo haya yatundikwe mbali naye kabisa. Chumvi iliyomo, kibichi au kikavu, inaweza kumuua.

Kuhusu vitu kudondoka: gundi nyeupe ni ya karatasi kwa karatasi. Haishiki karatasi kwenye ukuta uliopakwa rangi, na utepe wa kunatia huachia vumbi na joto vinapoingia chini yake. Acha kubandika, anza kutundika. Funga kamba moja imara kutoka upande mmoja wa dirisha hadi mwingine, na kila pambo litundikwe kwenye kamba hiyo kwa uzi wake. Uzi upitishwe kwa sindano ndani ya karatasi, usibandikwe juu yake. Pambo likizunguka na kuonyesha mgongo, litundike kwa nyuzi mbili zilizoachana sentimita kadhaa. Kwa jambo hili moja nina hakika nusu ya hasara ya mwaka jana isingetokea.

Glita, lile vumbi la kumetameta, ningekuomba uiache. Aina nyingi ni plastiki iliyosagwa, haitoki kwenye zulia wala kwenye macho ya mtoto, na Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita huru ya plastiki Oktoba 2023. Karatasi nyeupe yenye mikunjo mikali hupokea mwanga kwa namna yake, nayo haikupi kazi ya kufagia hadi Pasaka. Na kwa kuwa nyumba itajaa karatasi, mishumaa inayowaka ikae chumba kingine au isiwepo. Taa ndogo za LED hupata joto kidogo sana na zinatosha, ila hata hizo zizimeni mnapolala.

Jioni zako tatu ningezigawa hivi. Ya kwanza fanyeni kinyunga, kwa sababu kinahitaji muda wa kukauka wakati ninyi mnafanya mengine. Wote watatu wanaweza kukanda. Ya pili iwe ya marinda tu, wewe na huyu wa miaka 8 mkikunja, mkubwa akikata ncha, mdogo akiendelea na pete zake pembeni. Msihame umbo hadi mfikishe nyota ishirini. Ya tatu ni ya kupaka rangi vile vya unga, kusuka mioyo, na kutundika. Kama jioni ya pili ikikatika njiani, acha chembe za theluji, usiache marinda.

Sikukuu ikiisha, ng'oa gundi au pini ya nyota za marinda, uzikunje tena ziwe vijiti, uzitie kwenye bahasha. Ishirini zinaingia bahasha moja na mwaka ujao zinafunguka upya. Mioyo ilaze ndani ya kitabu. Vya unga vifungie kwenye kopo lenye mfuniko mkali, kila kimoja kikiwa kimeviringishwa kitambaa, na nyuma yake kiandikwe jina la aliyekitengeneza na mwaka. Mnyororo wa mdogo usijisumbue kuuhifadhi. Mwaka ujao atakuwa na miaka 5, na atataka kushika mkasi mwenyewe.